Ukungu wa Saa Kumi na Moja

Jumapili, 29 Juni

Shule imekwisha. Mtihani wa kuingia chuo umekwisha. Kesho asubuhi tunapanda ndege, Irati, Candela na mimi. Siku tisa visiwani! Irati amepanga kila kitu kwenye karatasi: Santa Cruz kwanza, kwa ajili ya mji. Alhamisi La Gomera. Jumamosi La Palma. Jumanne nyumbani. Candela anabeba spika yake. Mimi nabeba daftari hili.

Jioni nilienda nyumba ya wazee kumuaga Bibi Fidela. Tangu kiharusi cha Februari hasemi neno, hata jina langu. Mkono wa kulia umekufa. Lakini kila siku, ikifika saa kumi na mbili jioni, anainua mkono wa kushoto, anakunja kidole, anakitia mdomoni, na anapiga mluzi. Mkali, mrefu, unapanda na kushuka kama sentensi. Ni ule ule kila siku. Halafu anasikiliza. Anageuzia dirisha sikio, dakika nzima. Halafu mkono unaanguka.

Mzee wa chumba cha jirani aligonga ukuta. Alipaza sauti wamwambie bibi huyo kwamba treni imeshaondoka. Wauguzi walicheka. Mimi sikuweza.

Bibi alizaliwa La Gomera, ambako watu walikuwa wakizungumza kwa mluzi kutoka mlima hadi mlima. Aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa na hakurudi hata mara moja. Zamani, nikimwuliza habari za huko, alikuwa akijibu: Kule mawe tu, mwanangu. Hakumfundisha Mama mluzi. Hakumfundisha yeyote.

Kwa hiyo anasema kitu, kila siku, na hapa bara, Zaragoza, hakuna hata mtu mmoja anayemwelewa.

Nimemrekodi kwenye simu. Lazima nimpate mtu wa kunitafsiria. Na ili nimpate, lazima nimwulize mtu nisiyemjua. Mimi! Mimi ambaye hata soda huagiziwa na Irati.

Jumanne, 1 Julai. Santa Cruz

Joto, tramu, watu wengi barazani. Irati anataka kuona kila duka. Candela anataka kukaa tu chini ya miti ya uwanja ule mkubwa na kunywa kitu baridi. Nimekaa naye. Tulikula viazi vidogo vya chumvi na mchuzi wa pilipili hadi vidole vikanuka vitunguu saumu. Kijana mmoja aliniuliza tunatoka wapi. Niliangalia sahani. Irati akanijibia, kisha akanigeukia: "We Jimena, umemeza ulimi? Chuoni utafanyaje, utaandika barua?"

Alisema kwa mapenzi. Najua. Lakini iliniuma, kwa sababu sijui nitafanyaje.

Jambo moja. Nilipowasha simu uwanja wa ndege, saa ilijirudisha nyuma yenyewe. Nilisahau: visiwa viko saa moja nyuma yetu. Saa kumi na mbili ya Zaragoza ni saa kumi na moja ya huku.

Bibi hana saa ya ukutani. Miaka sitini na nne bara, na bado anapiga mluzi kwa saa ya kisiwani.

Sijawaambia wenzangu.

Alhamisi, 3 Julai. La Gomera

Feri ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Kisiwa kinainuka kama ngumi. Basi lilipanda, likapita msitu uliolowa maji, likashuka bonde la Hermigua. Nyumba ya wageni iko juu kabisa, ukingoni mwa korongo. Mwenyewe anaitwa Saro, mama wa miaka sitini hivi, ana sauti ya kuamsha wafu, na kila mtu kwake ni "mwanangu". Chini ana mkahawa. Wakati wa chakula cha mchana watalii walimwomba apige mluzi, akapiga. Alimwambia mpwa wake, aliye jikoni, alete mkate meza ya tatu. Mkate ukaja! Watu wakapiga makofi.

Ilikuwa nafasi yangu. Simu ilikuwa mkononi. Saro alikuja kwenye meza yetu na kuuliza kama tunahitaji kitu kingine.

Nikasema: "Hapana, asante."

Nimejichukia mchana kutwa.

Saa kumi na moja kasoro hivi ukungu ulishuka kutoka msituni. Haukuja polepole. Ulimwagika ukingoni kama maziwa yaliyochemka, na kwa dakika kumi upande wa pili wa korongo ulikuwa haupo.

Ijumaa, 4 Julai

 Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi niliwaambia. Kwanza Candela, halafu Irati. Niliwasikilizisha rekodi. Irati hakutania. Alisema tumwulize Saro sasa hivi, yeye atauliza. Nikakataa! Nilisema ni bibi yangu, nitauliza mwenyewe, jioni. Wakaenda kuogelea. Jioni ikafika na sikuuliza.

Badala yake nilichukua spika ya Candela, nikaenda kwenye ukuta wa mawe ulio nyuma ya nyumba. Sikuwa na nia yoyote. Nilitaka tu kusikia mluzi wa Bibi unavyosikika mahali pake, si kwenye kile chumba chenye harufu ya dawa. Ilikuwa saa kumi na moja. Niliongeza sauti hadi mwisho. Nikabonyeza.

Ulitoka. Ulivuka korongo. Mwangwi ukarudi, dhaifu. Nililia kidogo.

Halafu ng'ambo, katikati ya mashamba ya ngazi, mtu akapiga mluzi. Ule ule! Si mwangwi, maana ulikuwa mkali zaidi. Na mbali zaidi, juu kule, mwingine akaudaka. Na mwingine nyuma ya mlima, mdogo kama wa ndege.

Saro alitoka jikoni mbio, mikono ina unga.

"Nani kapiga?"

Nilionyesha spika.

"Ya mashine?" Alishika kichwa. "Mwanangu, huku ujumbe ukiusikia na si wako, unaupitisha. Ndivyo tulivyolelewa. Umeshaondoka huo, haurudi!"

Nilidhani korongo ni korongo tu. Nilidhani mawe hayasikii.

Nikamwuliza. Kwa kinywa changu. "Huo mluzi umesemaje?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina la mama yake na mtoto wa mama huyo huyo. Akasema: "Benigna, shusha mbuzi, ukungu unakuja."

Basi. Mbuzi! Miezi mitano ya kuinua mkono ule, na ni mbuzi. Nilisubiri siri, au kwaheri, au nisameheni. Irati alipokuja na taulo kichwani nikamwambia, akakaa karibu yangu ukutani, akasema labda Bibi amerudi utotoni tu, wazee hurudi. Labda.

Saro hakukubali. Alisema yeye anawajua kina Benigna watatu kwenye milima hii, na mmoja tu ndiye aliyewahi kuwa na mbuzi. "Anachechemea," alisema. "Tusubiri."

Tulisubiri. Ukungu ukafunga kila kitu. Hakuna aliyejibu.

Jumamosi, 5 Julai

Mama alipiga simu tukiwa tunakunywa kahawa. Bibi ana homa ya mapafu. Wamemhamishia hospitali jana mchana. Nikauliza: jana jioni alipiga mluzi? Mama akasema hapana, jana hakuinua mkono.

Jana saa ile ile mluzi wake niliupiga mimi.

Nilisema narudi leo. Mama alisema nikija nitakaa kwenye korido kama yeye, na ndege zimejaa. Halafu nikamweleza habari ya Benigna.  Alisema: "Hakuwahi kunitajia Benigna yeyote." Kisha: "Baki. Mtafute."

Meli ya La Palma ilikuwa saa nne. Nikawaambia wenzangu siendi. Irati alichukia. Alisema tumeipanga safari hii tangu darasa la kumi, na kwamba sijawahi kukaa peke yangu hata sinema. Ni kweli yote. Nikasema: "Najua. Siendi." Candela akafungua begi, akaweka spika juu ya kitanda changu. Irati alitoka kwa hasira, akarudi kutoka kituo cha basi, mbio, jasho linamtoka, kunipa chaja yake. "Yako inakatika katika," alisema. "Ukiishiwa chaji nitakuua." Basi likapiga honi. Tutaonana Santa Cruz Jumatatu.

Saa kumi na moja nilikuwa ukutani. Saro naye, kakaa kwenye kiti cha plastiki, anamenya viazi.

Ulikuja! Kwanza mbali sana. Halafu kwenye mashamba ya ngazi. Saro aliacha kisu.

"Mbuzi wameshaingia zizini," alisema. "Umebaki wewe."

Nilimwuliza kama amekasirika. Huyo Benigna. Kama ni maneno ya hasira au ya kuita.

 Alisema mluzi haubebi hasira wala machozi. Unabeba maneno tu. Mengine umwangalie mtu usoni.

Jumapili, 6 Julai

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya Benigna. Ni saa kumi na dakika ishirini. Lazima mikono ifanye kitu.

Mpwa wa Saro alinileta asubuhi kwa gari hadi lami inapoishia. Nilipanda kwa miguu. Nilirudia sentensi yangu njia nzima: Mimi ni mjukuu wa Fidela. Mimi ni mjukuu wa Fidela. Alikuwa kwenye bustani, mwembamba, na aproni na fimbo. Mguu wa kushoto umepinda. Nilisahau sentensi. Nikasimama tu.

"Una masikio yake," alisema. "Ingia. Umekula?"

Alinipa supu ya mboga na unga wa mahindi ya kukaanga, akanitazama nikila hadi mwisho. Ndipo akasema. Nayaandika kama alivyosema, niwezavyo.

Baba yao alikuwa na mbuzi huku juu. Benigna, miaka kumi na mitano, alichunga juu. Fidela alibaki chini nyumbani. Ukungu ukionekana msituni, wa chini anamwita wa juu, kwa sababu wa juu hauoni, uko mgongoni mwake. Kila siku, saa kumi na moja. Ndiyo ilikuwa sheria: wa chini huita, wa juu hujibu.

Siku moja hakuna aliyeita. Benigna alisubiri. Alijua dada yake hawezi kusahau, kwa hiyo akajua hakuna ukungu. Ukungu ukamfikia akiwa kasimama palepale anasikiliza. Alianguka kwenye korongo dogo lile (alinionyesha kwa fimbo, kama mtu anayeonyesha duka). Walimpata kesho yake. Fidela alikuwa ameshapanda meli. Alimpenda mwanamume wa bara, Baba hakumtaka, naye akaenda naye.

"Alijua? Habari ya mguu?"

"Baba alimwandikia. Barua moja. Mimi sikuwahi."

Nikamwuliza lile jibu lake la jana. Lilikuwa la hasira?

Akachukua bakuli langu, akaliosha, akalifuta, muda mrefu. "Sijui, mjukuu. Limekaa mdomoni miaka sitini. Limetoka kabla sijaliuliza."

Nilimwambia habari ya hospitali. Kwamba Mama atapiga simu saa kumi na mbili ya kule, na atamwekea Bibi simu sikioni. Kwamba Bibi hajainua mkono tangu Ijumaa. Nikamwomba apige mluzi ule tena. Nilizungumza bila kukatika! Sikumbuki lini nimewahi.

Alikataa. Alisema mluzi ni wa korongo, hauingii kwenye kopo. Alisema yeye ni wa kujibu, hajawahi kuita, na kama Fidela anamtaka, amwite. Kisha akaenda kulisha kuku. Yuko huko mpaka sasa.

Saa kumi na nusu. Mama ameandika: anapumua kwa mashine ndogo ya puani. Macho yamefumbwa. Nimeiacha spika kwenye ngazi, imejaa chaji. Naweza kuupiga mluzi wa Bibi ili ajibu, lakini sitamlazimisha.

Saa kumi na dakika arobaini. Amepita karibu yangu. Amesimama mlangoni.

"Hiyo hospitali. Kalazwa wapi?"

Sikuelewa. Nikasema, Zaragoza.

"Mji naujua, mtoto! Juu au chini?"

Nikasema ghorofa ya nne.

Aliangalia msitu. Ukungu umeshaanza, mstari mweupe ukingoni.

"Basi yeye ndiye yuko juu," alisema. "Na hauoni."

Ameingia ndani kutafuta meno yake. Bila meno mluzi hautoki, anasema, na ameyaweka pamoja na vitu vyake vya kanisani, kwenye sanduku la shela. Nasikia anafungua, anafunga. Anamlaani mtakatifu fulani.

Dakika hamsini na tano. Ametoka. Amevaa meno na shela pia. Amefuta kidole kwenye aproni, mara mbili. Ananiambia nishike hicho kitu, simu, karibu na mdomo wake lakini si karibu sana, na nisitetemeke.

Ukungu umefika kwenye bustani. Simu inaita.