Askari Wawili Katika Sinema ya Nanyuki

Dada yangu Nekesa, pokea salamu za kaka yako kutoka kwenye baridi hii ya mlima.

Wengi hukosea kudhani kwamba wanaume wanaopendana, kama mwanao Wafula na mwenzake, ni jambo la vijana wa siku hizi. Leo nimewaona wengine kama wao katika sinema ya zamani, mojawapo ya zile zisizo na sauti! Kwa sababu ya kafyu ya usiku huonyeshwa mchana, madirisha yakizibwa kwa mablanketi, na mkalimani hueleza kila kitu kwa kipaza sauti. Askari mmoja alikuwa anakufa. Mwenzake akamkumbatia, akambusu mdomoni.

"Huyu ni ndugu yake," mkalimani akasema haraka.

Mama mmoja muuza viazi akamjibu kwa sauti: "Wacha uongo, bwana! Ati ndugu? Huyo ni mpenzi wake!"

Ukumbi ukacheka, kisha watu wakafuta machozi. Nami, mzee mzima, nilitaka kuruka kwa furaha!

Ulipomfukuza Wafula ulisema hakuna aliyewahi kuwa hivyo. Wamekuwapo, dada, na watu wasiowajua kabisa wamewalilia. Wafula wako yu hai. Mungu akupe nguvu. Ukiisoma barua hii, mwite yeye na mwenzake waje kula kwako.