Kwa Mtani Wangu, Kocha Tuliyemng'oa

Mnyamwezi,

Nakuita hivyo kwa sababu sijazoea kukuita vingine. Siku ya maziko, shehe alipolitaja jina lako kamili nikageuka kutazama anazikwa nani.

Kesho ni arobaini yako. Mkeo kanipigia simu jana. Siku hizi simu ya kwenu ikilia naiacha ilie mpaka ichoke, lakini jana niliinyanyua nikidhani ni kazini. Hakunipa hata salamu. "Shemeji, marehemu ana mtani mmoja tu katika mji huu mzima. Siku ya maziko ulisimama kama mlingoti. Kesho njoo ufanye kazi yako."

Kasema kweli, na ukweli unauma. Kwetu mtani ndiye anayeleta kicheko msibani. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, hushuka kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Mimi Mzaramo na wewe Mnyamwezi, babu zetu wametukanana tangu enzi za misafara, na hakuna aliyewahi kununa. Lakini siku ile pale Scarborough, huku ugenini, majani yanapukutika, Mzungu wa makaburini anatungoja kando ya trekta lake, nilishindwa hata kukuuliza kwa nini umeondoka bila kuaga. Watu wakasema masikini, uchungu umemzidi. Uchungu ulikuwepo. Kilichonifunga mdomo kilikuwa aibu.

Unakumbuka tulivyoianzisha timu, kiangazi kile cha Kombe la Dunia la Marekani? Kila mtu alikuwa kocha mbele ya televisheni, wewe ukasema basi mmoja wetu awe kocha kweli. Ukawakusanya Warundi, Wakongo, Wakenya na Watanzania wetu wawili watatu, ukawafundisha mpira wa pasi za chini. Kubutua mipira mbele ovyo ulikupiga marufuku. Uwanja wenyewe una mabonde, mabeki wenyewe wametoka zamu ya usiku kiwandani, na wewe unataka pasi! Tukawa tunafungwa kila Jumapili.

Na mimi pembeni ya mstari nilikuwa na raha zangu. "Mnyamwezi, umezoea kubeba mizigo, leo umebeba magoli!" Nawe unanirudishia bila kugeuka: "Mzaramo, hapa hapana ngoma, nani kakuita?" Uwanja mzima unacheka. Mkeo alikuwa anatuletea chai ya tangawizi kwenye chupa, tunagombania kikombe huku tunatukanana.

Tatizo wale waliocheka pamoja nasi hawakuujua utani wetu. Jumamosi pale kwa kinyozi Mkongo, St. James Town, mjadala ulikuwa mmoja tu: kocha abaki au aende. Wapo waliokutetea, wakisema timu haijengwi kwa msimu mmoja. Wengine wakasema umeng'ang'ania pasi kwa ukaidi. Halafu mtu anamalizia, "Hata rafiki yake anamusema, na siye tunyamaze?" Nilikuwa nimekaa palepale kwenye benchi, nangoja zamu yangu ya kunyolewa. Ningeweza kuwaeleza. Nikacheka, maana nilipenda kuona maneno yangu yanatembea mjini.

Sasa sikiliza, Mnyamwezi. Mpaka hapo ningeweza kujitetea. Lakini iko siku ile tuliyofungwa na wale vijana wa Malvern, mvua inanyesha, kipa wetu anapiga pasi fupi kama ulivyomwagiza na wao wanaichukua wanafunga. Nikapiga kelele, "Nenda nyumbani, timu imekushinda!" Hapana aliyecheka. Wewe uligeuka, mdomo umeshafunguka kunijibu kama kawaida, ukaniona uso. Ukaufunga mdomo. Tangu siku hiyo hukunijibu tena.

Ule haukuwa utani. Nilitaka kushinda, na nilikuwa nimechoka kuchekwa kazini na vijana wa Kijamaika kila Jumatatu.

Kwenye kikao cha timu pale Crescent Town, kijana mmoja Mkenya alisimama akasema, "Beste yake mwenyewe alisema tangu mwanzo kazi imemshinda." Watu wakanigeukia. Nikatazama viatu vyangu. Wewe hukulalamika, na ungelalamikaje? Mtani hakasiriki, ndiyo sheria. Sheria hiyo ilikufunga wewe mikono, mimi ikanipa kichaka cha kujificha. Wakapiga kura, wakakushukuru kwa mchango wako, na wewe ukawasaidia kupanga viti.

Habari za timu ndizo hizi. Kocha mpya ni yuleyule kijana wa Kenya. Wanabutua kwa nguvu zao zote na bado wanafungwa. Pale kwa kinyozi sasa wanasema, "Marehemu alikuwa na falsafa." Walewale! Wamekuvika taji ukiwa chini. Ningekuwa na moyo mweupe ningewatania mpaka wakimbie. Nanyolewa, nalipa, naondoka.

Mkeo aliniambia neno siku ya tatu ya msiba. Kasema majuma yale ya mwisho, kabla moyo wako haujasimama asubuhi ile ukivaa viatu vya kazi, ulikuwa unamuuliza, "Hivi Mzaramo wangu ananitania, au ananisema?" Naye akakujibu, "Anakutania, si mtani wako?" Akanitazama nithibitishe. Nikaitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe, nilimdanganya mjane mbele ya sufuria za matanga yako.

Kwa hiyo kesho nakuja. Nitavaa koti lako la kijivu hata kama mikono yake itanifika vidoleni. Nitatembea ulivyotembea, mikono nyuma, kidevu juu. Nitawauliza wapenzi wa timu nani kati yao amekula wali wako mara nyingi kuliko alivyokusifu. Watacheka, na mkeo atacheka, ni haki yake na yako. Kisha nitavua koti, nimkabidhi mkeo mkononi, nimjibu lile swali uliloliuliza, wote wakisikia. Nitawaambia ni siku gani nilikuwa nakutania na ni siku gani nilikuwa nakusema. Wakitaka kunifukuza pale kwa kinyozi, nitanyoa nyumbani.

Limebaki moja ambalo sijamwambia mtu. Siku ile ya mvua, ulipofunga mdomo, nilifurahi. Nilidhani hatimaye nimekushinda kwa maneno.

Buriani, Mnyamwezi wangu. Hilo la kufurahi ndilo nitakaloanza nalo kesho, nikishavua koti.

Mzaramo wako