Viazi vya Limau, Madirisha Yamefungwa

Jumanne, Garissa

Joto lote hili, na bado nilifunga madirisha. Nilikuwa nachoma viazi kwa limau, kitunguu saumu na majani ya rosmeri aliyonitumia dada yangu kutoka Nyahururu. Sina oveni, kwa hiyo ni sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mtaa mzima umefunga Ramadhani, nami sikutaka harufu iwafikie.

Ikawafikia. Mama Fartun, jirani yangu, akabisha hodi. Nikajua nimewaudhi.

"Mwalimu, dirisha unafungia nini? Joto itakuua. Ramadhani ni ya sisi, si ya wewe."

Akanipa malimau mawili. Eti kwa harufu tu amejua niliyoweka hayatoshi. Hilo ndilo lililonikera, maana ni kweli.

Nikafungua madirisha, nikakamua yote mawili. Viazi vikaiva mapema, vikavu nje, laini ndani. Nikavifunika, nikasahihisha madaftari. Sikumbuki kuamua kungoja, ila adhana ya magharibi ndiyo iliyonikuta nikishika uma.

Baadaye dada akapiga simu. Akauliza tena kama nimeomba uhamisho wa kutoka Garissa.

Nikamwambia viazi vimetoka vizuri.