Pale Ulipoanguka Pana Mati Sasa

Baba Shiru,

Mvua imerudi Nakuru. Ungekuwa hai ungeniambia mapema, ukitazama mawingu upande wa Menengai kabla hatujafungua mlango: "Wekesa, tafuta magunia, leo watu wa kwetu wanatuletea shamba lote." Watu wa kwenu ni wa Dundori, na kweli siku ya soko wanashuka na shamba lote kwenye viatu vyao vya gambuti.

Magunia hatuweki tena. Katoni pia hatuweki. Tangu ile katoni iteleze nawe pale ndani ya mlango wa kioo, ndoo ikiwa mkononi, meneja hataki kuona katoni sakafuni. Siku ya mazishi jengo tunalosafisha lilifungwa, tukapanda Dundori sote. Nilishika koleo kama wengine, nikatupa udongo. Watu walilia. Mimi nilikuwa natazama viatu vyao. Hadi leo sijalia, na sisemi hivyo kujisifu. Ni kama mguu uliokufa ganzi. Najua ni wangu, lakini siusikii.

Mke wangu Nafula hupiga simu kutoka Bungoma kuniuliza kama nakula. Namwambia nakula. Kweli nakula.

Baada ya mazishi meneja aliniita akasema niende mjini nichague mati ya maana ya mlangoni, ya watu kufutia miguu. "Wewe ndiye unaujua huo mlango," akasema. Mati tulizoziomba mimi na wewe kila masika. Nilitaka kumuuliza kwa nini sasa. Nikasema sawa.

Dukani zilikuwa za kila aina. Za makumbi ya nazi, ngumu kama brashi. Za mpira zenye matundu. Nyembamba za kijivu, zinazokatwa kutoka kwa roli. Na moja ya kijani, nene, laini, yenye ukingo mweusi. Nikaichukua hiyo. Najua ungenifinya sikio. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nachagua kama mtu anayechagua shada la maua.

Kuiweka kukawa shida. Ilikuwa nene, mlango ukakataa kupita juu yake, nikaisogeza ndani kidogo. Lakini sikuifikisha kwenye kigae kilichopokea kichwa chako. Sikutaka watu wafutie miguu hapo. Kigae hicho nilikuwa nakizunguka. Hata wakati wa kupiga deki nilikuwa napiga magoti, nakifuta kwa mkono, peke yake.

Kiprono, yule soja mpya wa mlangoni, akaitazama mati akasema, "Boss, hiyo ni mati ama ni madhabahu?"

Alikuwa amesema kweli. Mvua iliponyesha, watu waliiona wakairuka. Wewe unawajua. Nyumbani kwako nani anathubutu kukanyaga kapeti ya Mama Shiru na viatu? Wazee walipanua miguu kama wanaovuka mtaro. Mwalimu mmoja alipita ubavuni, mgongo ukisugua ukuta. Na wote walioruka walitua palepale, kwenye kigae chako, na matope yao.

Halafu akaja mathe mmoja, mama wa makamo, anaenda kwa daktari wa meno huko juu. Akavua gambuti, akazishika mkononi, akaruka na soksi zilizolowa. Niliuona mguu ukienda. Nikaitupa ndoo nikamdaka, tukaanguka sote kwa magoti. Hakuumia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Woi, kijana, nimekuchafulia kapeti?"

Nikamwambia hiyo ni ya kufutia miguu.

"Hii? Na vile ni safi hivi? Si mngetuambia!"

Kiprono akacheka hadi akashika mlango. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemshika mathe mkono na siwezi kuuachilia, hadi yeye mwenyewe akasema, "Niachilie sasa, niko sawa."

Nilipanda kwa meneja nikamwambia ile mati itaangusha mtu mwingine. Akasikitika. "Lakini Wekesa, inapendeza." Nikamwambia ndiyo maana inarukwa. Akakubali nikatafute nyingine. Dukani hawakuitaka tena kwa sababu imelowa, basi sasa iko ofisini kwake, chini ya meza, na viatu vyake anavua.

Nje, chini ya paa, nimeweka ya makumbi. Ni mbaya, ina rangi ya matope, na hakuna anayeiogopa. Wanaisugua kama wanagombana nayo. Ndani nikataka ile nyembamba ya kijivu, ambayo mlango unapita juu yake bila kuivuta. Swali likawa iishie wapi. Nikafanya ulivyonifundisha, nikangoja mvua kubwa na kutazama nyayo badala ya watu. Ulikuwa ukisema nyayo hazidanganyi, zinapokauka ndipo mati ikome.

Zilikauka baada ya kupita kigae chako.

Kisha nikaitandaza, ikakifunika na kupita, nikaikata, nikagandisha kingo zisije zikainuka. Sasa wanapakanyaga kutwa nzima. Wanafuta miguu, wanaongea na simu, hawajui. Nilidhani nitaumia. Nilitazama tu. Sakafu huku ndani ni kavu.

Juzi Shiru wako alikuja kuchukua koti lako na radio. Nilikuwa nikiogopa siku hiyo kuliko hata mazishi. Akaingia, akafuta miguu vizuri kama ulivyomlea, tukasalimiana. Halafu akauliza polepole, "Uncle, ni wapi?"

Nikamwambia, "Umeshapita."

Akageuka akaangalia. Mama mmoja alikuwa anaingia na mtoto mgongoni, amebeba na kabeji, hata hatazami chini. Akapita juu yake akaenda zake kwenye ngazi. Shiru akamfuata kwa macho hadi akapotea.

"Hapo hakuna mwingine ataanguka?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna. Niliposema hivyo sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine, lakini nilisema.

Basi hicho ndicho nilichomwahidi mtoto wako, Baba Shiru, na sasa nakuahidi wewe. Kila asubuhi nitaikung'uta, niirudishe mahali pake, isipungue hata wayo mmoja. Nikienda Bungoma kumwona Nafula, nitakuwa nimemwonyesha Kiprono kwanza. Ikizeeka nitaomba nyingine, na wakininyima nitaomba tena.

Pumzika huko Dundori. Leo nimepita hapo na ndoo imejaa, na sikuzunguka.

Wako,
Wekesa