Tumemlilia Musembi Akiwa Mzima

Kasiva, uko wapi? Nimeaibika leo hata sijui nianzie wapi.

Si umesikia kwa redio vile mabomu yamelipuka kwa treni huko London? Sisi wamama wa kanisa tukasikia London tu, tukamkumbuka Musembi, kijana wetu anayeishi huko. Simu yake haishiki. Kufika saa tisa tulikuwa kwa mama yake hapa Kalama na sukari, majani chai na unga. Mzee Kibe alikuwa ashaleta viti vya kanisa!

Na mimi na huu mdomo wangu nikaanzisha wimbo wa mazishi. Wa MAZISHI, Kasiva!

Hatujamaliza ubeti wa pili, simu ya mama ikalia. Musembi! Mzima kabisa! Anauliza, "Mama, nani amekufa hapo? Nasikia mkiimba."

Tukaangaliana. Mama akaniangalia, akamwambia, "Ni wewe. Ndinda amekuzika vizuri sana."

Wamama walicheka mpaka Kibe akaanguka na kiti. Mimi nilitaka ardhi ipasuke niingie. Wimbo wa mazishi, aki!

Halafu Musembi akasema kuna mama mzungu jirani yake, msichana wake alipanda treni asubuhi na hajapiga simu mpaka saa hii. Kicheko kikatuishia.

Mama Musembi akauliza, "Nani ako na yeye?"

"Ako peke yake."

"Basi toka kwa simu uende ukae na yeye. Na usiende mikono mitupu, Musembi. Beba sukari."