Gomesi Iliyokataa Kufunga

Busia, Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Na Baba kifua kimepoa, au bado anakohoa huku anakana? Sisi huku tu wazima. Mume wangu yuko njiani na lori, anarudi kesho.

Mama, ile hariri uliyonitumia na basi kutoka Tanga imenitia kwenye kesi. Usishtuke, nisikilize kwanza.

Unajua Jumamosi napelekwa Mulanda, upande wa Uganda, wazee wa mume wangu wanipokee. Huko mwanamke hasimami mbele ya wazee ila kavaa gomesi, lile vazi la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana. Basi wifi yangu Zaituni akanivusha mpaka hadi kwa fundi mmoja wa kike sokoni. Nikapimwa juu ya dera langu, fundi akaandika kwenye daftari. Zaituni kakaa pembeni anatafuna mahindi, kimya. Ukimya ule sikuupenda. Wewe ulinifunza kwamba fundi haachiwi kitambaa kabla hakijapimwa, nami nilikipima: mita sita kamili.

Gomesi ikaja. Mama mkwe akanifunga kikoi kiunoni kwanza, maana huku chini ya gomesi lazima kikoi, ndiyo mwili ukae. Kwetu kikoi ni cha Baba, huku ni cha mama! Kuweka gomesi juu yake, vifungo vikakataa katakata. Mama mkwe akaguna. Nikajua tu, fundi kaniibia kitambaa. Na huyu aliyenipeleka kwake je? Kikulacho ki nguoni mwako.

Jana asubuhi nikarudi sokoni, Zaituni nyuma yangu. Fundi hata hakuinua macho kwenye cherehani.

"Dada, kitu ya kupima hairudi."

"Hairudi nikibadili mawazo," nikamwambia. "Mimi sijabadili. Niliagiza gomesi ya kunikaa, umenipa ya kunibana. Kosa la fundi halibebwi na mteja."

"Wewe nakula wali mingi, sasa naleta kesi kwangu!"

Loo! Nikaenda mwenyewe kumwita mwenyekiti wa soko. Mzee akaja na tepu, akapima gomesi, akapima na vipande vilivyobaki. Hata shibiri moja haikupotea. Nikaona haya kidogo, lakini sikurudi nyuma. Akafungua daftari la fundi.

"Ulimpima juu ya kikoi?"

"Hapana."

"Basi makosa ni yako. Mgeni hajui, fundi anajua. Utaongeza kitambaa chako, ushone upya, Ijumaa achukue."

Nilitaka kupiga vigelegele. Fundi akasonya, akamnyooshea Zaituni kidole. "Wewe ulipotoka nje, mimi niliuliza huyu. Yeye nasema mgeni yao havai kikoi."

Mama, damu ilinichemka. Nikamgeukia palepale, watu wanasikia. "Kumbe ulitaka nichekwe mbele ya wazee!"

Zaituni hakukana. Akaniambia, "Wiki uliyofika nilikuletea kikoi cha marehemu bibi yetu. Ukakitandika mlangoni, watu wanafutia miguu. Nikaona vyetu huvitaki."

Wallahi nilidhani ni tambara! Kimechakaa, kimepauka, na yeye alikiweka tu kitini akaondoka bila neno. Miezi minne nimekikanyaga. Ndiyo maana kila akija kwangu anapanua hatua pale mlangoni, nami nikimwangalia nasema moyoni, tazama maringo yake.

Nimekifua mara tatu, kiko kambani. Sokoni nilijua cha kudai, na nimekipata. Kwa Zaituni sijui hata naanzia wapi, nami nimemwaibisha mbele ya watu. Barua hii anakuletea jirani anayepanda basi leo, maana kwenye simu ningelia tu. Ukishaisoma nipigie kabla ya Jumamosi, unipe maneno ya kuomba radhi. Mimi najua ya kugombana.

Msalimie Baba, na shangazi wa vitumbua, na kaka yangu mvivu wa kuandika. Mume wangu anakusalimu, na mama mkwe anakusalimu sana. Zaituni hajanituma salamu.

Mwanao anayekukumbuka,
Mwanaidi