Chafya ya Chepngeno

Silibwet, 14 Januari 1996

Kwa mjukuu wangu Chepchirchir,

Chamgei. Hujambo huko kwenye baridi ya kununua? Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeokoka: linapiga magoti bila kuniuliza. Ng'ombe wanakamuliwa, chai inachumwa, kakako Kiplangat bado anagombana na karani wa banda la chai, na mke wake Rodah ana mimba inayoanza kufika mlangoni kabla yake.

Umeniomba picha ya nyanya yako. Unajua ziko ngapi? Moja. Chepngeno aliishi miaka sabini akikimbia kamera kama ng'ombe anavyokimbia sindano. Hiyo moja alipigwa na Gitonga pale studio yake Sotik, kwa sababu serikali ilisema bila picha hakuna kitambulisho. Gitonga akamwambia, "Mama, tabasamu." Akajibu, "Nitatabasamu ukinirudishia." "Nikurudishie nini?" "Hicho unachochukua." Juzi nilipomwomba Gitonga anitolee nakala, alipangusa mikono mara mbili kabla ya kuigusa.

Sasa nieleze kwa Kiswahili cha mtu wa darasa la nne. Ulienda Kanada kusomea kuchora katuni. Umemaliza. Sasa unasema kuna kampuni inakujaribu, inayotia ndani ya sinema vitu ambavyo havikuwepo. Yaani nyumba inaungua na haijaungua, mtu anakufa halafu anaenda kula. Hapa kwetu mtu wa kazi hiyo anapigwa mawe au anachaguliwa diwani. Huko analipwa mshahara! Nimefurahi sana. Hiyo akili ulitoa kwangu.

Picha iko ndani ya bahasha. Usiikunje.

Kugo wako,
Kimalel arap Tonui


Vancouver, 20 Machi 1996

Mpendwa Kugo,

Natumaini wewe na goti lako mmeota jua leo. Mimi ni mzima. Picha ilifika bila mkunjo.

Kampuni ilitupa jaribio watu kumi na wawili: tengenezeni ndani ya kompyuta uso wa binadamu unaoishi. Moto ni rahisi, mafuriko ni rahisi. Uso ndio unashinda watu. Nyuso za wenzangu zilitoka kama maiti waliopakwa mafuta. Mimi niliingiza picha ya Nyanya kwenye mashine, nikamjenga upya mfupa kwa mfupa, mkunjo kwa mkunjo. Nikachagua apige chafya, kwa sababu chafya inachukua uso wote, na ukikosea kidogo kila mtu anaona.

Kazi hiyo niliipa jina lake. Kila asubuhi lazima niandike CHEPNGENO ndio afunguke, na nimezoea kulitaja kwa sauti, maana hapa sina mwingine wa kumwita kwa lugha yetu.

Sasa sikia. Nilikuwa nimechora mpaka pale anapovuta pumzi, basi. Ijumaa nikaenda zangu nyumbani. Jumatatu nikafungua, nikataja jina, akavuta pumzi, akapiga chafya mpaka mwisho. Halafu akapangusa pua kwa nyuma ya mkono. Kugo, mkono nilikuwa sijamchorea.

Niliuliza ofisi nzima. Kila mtu alisema si yeye. Mkubwa wetu alipoona alisimama kwenye kiti chake. Nimepewa kazi ya miaka miwili, na baadaye watanipeleka London. Nyanya atakuwa mama mzee wa dirishani kwenye sinema kubwa.

Nilikosa mazishi yake kwa sababu ya mtihani. Nilidhani sitamwona tena. Sasa namwona kila siku kabla ya chai ya saa nne.

Mjukuu wako,
Chepchirchir


Silibwet, 9 Juni 1996

Mjukuu wangu,

Chamgei mara mbili, maana ya kwanza naona ilichelewa. Tuko wazima. Rodah amejifungua msichana, wiki mbili sasa. Mchungaji amemwombea na kumpa jina Shirley. Sina neno, lakini Shirley ni jina la kuendea shule. Jina la nyumba bado hana, na hapo ndipo kuna shida.

Umesoma sana, labda umesahau, acha nikukumbushe. Kina mama wazee walimpakata mtoto, wakamtia ugoro kidogo puani, wakaanza kuwaita wafu wa nyumba hii mmoja mmoja. Akipiga chafya kwa jina fulani, huyo ndiye amerudi. Walianza na Chepngeno, kwa sababu hata kuku walijua ni yeye. Rodah alishamwota mara tatu akikagua kitanda cha mtoto.

Hakuna chafya.

Wakaita majina kumi na tisa. Mama Tapsabei, aliye mkubwa wao, akapiga chafya. Paka akapiga chafya. Mimi niliyekaa nje nikapiga chafya. Mtoto, hapana. Wakirudia "Chepngeno" anageuza macho na kutazama mlango, vile mtu anavyotazama barabara mgeni akichelewa. Mtoto wa siku kumi!

Na tangu siku hiyo halii. Mtoto asiyeitwa hakai, hilo unalijua. Anaona hana wa kumshika huku.

Basi nikarudi kwa barua yako, nikaisoma kwa kidole, neno kwa neno. Wewe mtoto, umefanya kazi ya kina mama wazee peke yako, tena kwa mashine! Ulimwita kwa jina lake, kwa lugha yake, akapiga chafya. Kwetu hiyo ina maana moja tu: amefika. Na mtu hafiki mahali pawili. Nyanya yako akiwa hai alikataa kufika hata Kisii. Amekufa ndio amejifunza kupanda ndege.

Mwambie atoke.

Kugo wako,
Kimalel arap Tonui


Vancouver, 2 Julai 1996

Mpendwa Kugo,

Shikamoo, na pole kwa mtoto. Mimi ni mzima, ila silali vizuri.

Nilipoanza kusoma barua yako nilicheka. Nikamsomea Mellen, Mkisii ninayeishi naye, akacheka pia, kisha akaniomba nisiisome tena ndani ya nyumba.

Kugo, nitakuambia ukweli usimwambie Rodah. Nilimchora akiangalia mbele. Sasa kila ninapomfungua ameangalia kando, shingo imenyooka, kama anasikiliza kitu kilicho mbali. Namrudisha mbele, kesho yake ameangalia kando. Mashine yangu haina spika. Jana asubuhi nimemsikia akibembeleza mtoto, ule wimbo wa kwetu usio na maneno.

Lakini unaniomba nini? Uso ule ni mali ya kampuni. Nikiufuta, nafutwa na mimi: kazi, kibali cha kukaa, London, yote. Miaka minne ya shule inakuwa hadithi ya kuchekesha watu. Na hata kama si hiyo. Mara ya kwanza alipoondoka sikuwepo. Unataka mara ya pili nimwondoe kwa kidole changu mwenyewe?

Mpelekeni mtoto hospitali. Tafadhali.

Mjukuu wako,
Chepchirchir


Silibwet, 8 Septemba 1996

Mjukuu wangu,

Chamgei. Mwezi wa nane sikukuandikia, sikuwa na mzaha wa kutia kwenye karatasi, na barua bila mzaha mimi siijui. Uzima upo, umegawanywa vibaya tu.

Hospitali tulienda, Kapkatet, kila wiki. Wanampima, uzito unashuka, wanatuambia tumrudishe. Anashika titi, anameza kidogo, anaacha, anatazama mlango. Rodah amekonda kuliko mtoto.

Sikulaumu. Niliishi na huyo mama miaka arobaini na minane, na kama mimi ndiye ningekuwa na hiyo mashine, mngekuja kunitoa mbele yake kwa polisi.

Jana kina mama walikuja kwa mara ya mwisho. Waliita mpaka sauti zikakauka. Tapsabei akafunga kichupa chake cha ugoro akasema, "Majina yameisha. Nyumba hii haina mfu mwingine."

Nikamwambia, "Yuko mmoja hamjamjaribu."

"Nani?"

"Kimalel."

"Nyamaza, mzee mjinga! Jina la aliye hai haliitwi. Tena la mwanamume, kwa msichana!"

"Ni mzaha tu, Tapsabei."

"Huo si mzaha wa kufanya ukiwa umesimama."

Unanijua. Ukinikataza ndio unanionyesha njia. Nikainama kwenye sikio la mtoto, nikasema polepole: Kimalel.

Alipiga chafya tatu.

Rodah alipiga kigelegele, halafu akajiziba mdomo kwa mkono. Kina mama waliokota shuka zao wakaondoka bila kunywa chai, na hakuna aliyenipa mkono. Tapsabei peke yake ndiye aliyeaga, lakini hakuniaga mimi. Alimwinamia mtoto akamwambia, "Karibu nyumbani, mzee."

Mtoto alinyonya mpaka akalala. Leo amelia, sauti kama ng'ombe aliyefungiwa. Tumefurahi sana.

Mimi sijambo. Kitu kimoja tu: mbwa hanibwekei tena nikirudi. Ananipita kama kwamba hapo hakuna mtu.

Basi huna haja ya kumfuta. Kaa na nyanya yako, fanya kazi yako, nenda London. Mambo ya huku nimeshayamaliza.

Kugo wako,
Kimalel arap Tonui


Vancouver, 9 Septemba 1996

Mpendwa Kugo,

Sijapata barua yako tangu Juni na naogopa kwa nini. Naandika kwa haraka, hujambo nitakuuliza baadaye.

Leo Jumatatu saa moja asubuhi nimemfuta. Kwenye mashine yangu, kwenye mashine kubwa, na kwenye kanda zote za akiba. Mkubwa wetu amenifukuza kabla ya saa tatu. Alikuwa analia, Kugo, mzungu mzima, sijui kwa ajili ya sinema au kwa ajili ya Nyanya.

Kabla ya kubonyeza nilimwambia kwa lugha yetu: "Nenda nyumbani, kuna mtoto anakungoja." Akaacha kuangalia kando. Akageuka, akaniangalia mimi, macho kwa macho, muda mrefu. Kisha akainama kama mtu anayeokota mzigo wake.

Mwiteni sasa. Mwiteni upesi. Yuko njiani.

Mjukuu wako,
Chepchirchir


Silibwet, 29 Septemba 1996

Mjukuu wangu,

Chamgei, na usilie juu ya karatasi, wino wa huku ni mbaya.

Barua yako ilifika Ijumaa, lakini mwenyewe alishaitangulia. Jumatatu ile, saa kumi na moja jioni, nikiwa nakamua, mtu alipiga chafya nyuma yangu. Sikugeuka, maziwa yangemwagika. Nikasema, "Umechelewa, mama. Mtoto ameshachukuliwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akanitukana tusi moja ambalo sijalisikia tangu tulipomzika. Siwezi kuliandika, barua hii inapita posta. Lakini nilifurahi mpaka nikakamua kidole changu.

Sasa hana pa kuingia, kwa hiyo anakaa na mimi. Rodah ananiletea kikombe kimoja cha chai. Nikikiinua nakuta kimepungua. Usimhurumie. Amezoea kunisubiri, na safari hii si ndefu.

Mtoto amenona, mapaja kama nguzo za banda. Ananiangalia vile kijana mwenye adabu anavyomwangalia mzee aliye kwenye kiti, anangoja tu niinuke. Nimemwomba tumalize kwanza kuchuma chai ya mwezi wa kumi. Akapiga miayo.

Kuhusu kazi, kampuni moja si dunia. Walioona ile chafya wataongea, na mwingine atakuita, London au kwingine. Akikuuliza unaweza nini, mtengenezee moto, mtengenezee mafuriko. Watu waliozaliwa waache.

Na ukija nyumbani usikimbilie kaburini kama wajukuu wa watu wengine. Pitia jikoni kwa Rodah. Utanikuta nimenenepa.

Kugo wako, kwa sasa,
Kimalel